Ngumi ya Shinobu Kusakari

Nianze na hasira zangu mwenyewe, maana nikizificha zitanitoka katikati ya maneno na kuharibu habari. Siwapendi wanaume wanaofunga magurudumu ili majirani watazame. Hapa Yuzawa, kaskazini mwa Japani, wamejaa. Wanakula figili na wali mwezi mzima ili wanunue rimu, kisha wanakuja kwetu karakanani kutufundisha kazi. Mimi, Tamotsu Odashima, nimefunga na kufungua matairi katika karakana hii tangu nywele zangu ni nyeusi, na kati ya wote waliowahi kunipandisha presha hakuna aliyemfikia Noriyuki Kusakari.

Lakini habari hii si ya Noriyuki. Ni ya dada yake mdogo, Shinobu, fundi mkuu wetu.

Shinobu alirudi kutoka Sendai baada ya ndoa kumshinda, na mji mzima ukangoja aingie jikoni kwa kaka yake. Yeye akapanga chumba juu ya kinyozi, akaja karakanani kuomba kazi. Siku hiyohiyo, kabla hajapewa ovaroli, alimkemea mteja aliyekuwa anakaza nati kwa kusimama juu ya spana. Yule bwana akashuka, akaomba radhi. Tajiri wetu, mzee asiyependa kugombana na watu, akaona hapo hapo amepata mtu wa kugombana kwa niaba yake.

Ni mfupi, ana mikono mikubwa, na hacheki ovyo. Wateja humwita Bibi Ngumi, si kwa sababu anapiga watu, ingawa wapo wanaostahili. Ni kwa ajili ya namna anavyokagua gari kabla ya majira ya baridi. Anamwambia mtu mmoja aingie nyuma akae, ili gari lishuke kidogo. Anamwambia mwingine azungushe usukani mpaka mwisho, kushoto, halafu kulia. Yeye anachuchumaa, anapenyeza ngumi yake kati ya tairi na madigadi, mbele, juu, nyuma. Ngumi ikipita, anafunga. Ikikwama, anasimama na kufuta mikono.

"Toa. Sifungi."

"Lakini Bi Shinobu, haligusi popote!"

"Leo haligusi. Theluji ikianguka utaniletea maua?"

Mtu wa nchi isiyo na theluji anaweza kudhani ni ukaidi. Siyo. Gari likitembea kwenye theluji yenye majimaji, matairi huirusha juu, ndani ya tao la madigadi. Inaganda. Inayofuata inagandia hapo hapo. Ukitembea saa moja, unakuwa umebeba barafu ngumu nyuma ya kila gurudumu, na ndiyo maana utawaona watu wetu wakishuka mbele ya duka wanazunguka magari yao wakiyapiga mateke kabla hata ya kusalimiana. Kama kuna nafasi, barafu inakaa pale na tairi linaendelea na safari zake. Kama hakuna, siku utakayokata kona, tairi litakutana na barafu, na usukani utagoma mikononi mwako.

Kwa hiyo kila nyumba hapa ina magurudumu ya aina mbili. Ya kiangazi ni ya urembo, rimu zinang'aa, zimepanuka, zimekuja nje mpaka zimelingana na mwili wa gari. Ya baridi ni ya chuma cheusi, membamba, mabaya, na hakuna anayeyatazama mara mbili. Novemba tunavua urembo, tunavisha ubaya. Watu wanapanga foleni mpaka barabarani, na hakuna anayelalamika, maana ndivyo tunavyoishi.

Shinobu ana mama, Bi Mitsue. Katika ujana wake alikuwa kondakta wa basi, enzi zile wasichana walivaa kofia ya bluu na filimbi shingoni. Mpaka leo gari likirudi nyuma uani kwake, yeye yumo dirishani anaelekeza kwa mkono, hata kama dereva hamwoni. Figo zake zimechoka. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anapelekwa hospitali iliyo ng'ambo ya mlima, anasafishwa damu kwa mashine, anarudishwa. Akikosa mara moja anavimba miguu na kukosa pumzi. Akikosa mara mbili, tusiseme.

Anaishi na Noriyuki, kama ilivyo desturi. Noriyuki ni mtoto wa kwanza wa kiume, nyumba ni yake, mashamba ya mpunga na vitunguu ni yake, na mama ni wake. Majira ya baridi mashamba yamelala chini ya theluji, kwa hiyo ndiye anayemwendesha. Shinobu ana haki ya kuleta dawa, kumpimia mama yake maji ya kunywa kwa kikombe, kumkataza kuchovya kitu kwenye mchuzi wa soya, na kunyamaza mambo mengine yakiamuliwa. Hiyo ya mwisho hajaiweza mpaka leo.

Basi mwaka jana mwezi wa kumi, Noriyuki akaingia karakanani na lile gari lake refu la kijivu, la milango ya kuteleza, analompelekea mama hospitali. Akafungua nyuma. Ndani mlikuwa na rimu nne za rangi ya dhahabu. Ziling'aa hata mimi nikaacha kunywa chai.

"Haya, fundi," akamwambia dada yake. "Nifungie."

Shinobu akaigeuza moja, akasoma namba zilizochongwa kwa ndani. Nikaona shingo yake inaanza kuwa nyekundu.

"Kaka, hizi upana wake ni inchi nane na nusu. Zako ni saba."

"Najua kusoma."

"Na ofseti imeshuka. Yako ni hamsini, hii ni thelathini na nane."

"Zinaingia. Nimeuliza."

Hapo inabidi nieleze, maana watu wengi huitaja ofseti bila kuijua. Chukua rimu, ipige mstari katikati ya upana wake. Halafu tafuta ule uso wa rimu unaobanwa kwenye habu ya gari, pale zinapokazwa nati. Umbali kati ya mstari ule na uso ule, kwa milimita, ndio ofseti. Uso ukiwa mbali upande wa nje, gurudumu linazama ndani, chini ya gari. Uso ukirudi karibu na mstari, gurudumu zima linasogea nje. Sasa wewe punguza ofseti, halafu uongeze na upana. Nje unaongeza mara mbili, na ndani pia hapabaki palivyokuwa.

Shinobu hakuhitaji karatasi. "Tairi litatoka nje milimita thelathini na moja. Na kwa ndani litasogelea shokapu milimita saba. Ukikata usukani, ukingo wa tairi utazunguka duara kubwa kuliko zamani, na utapita hapa." Akagonga nyuma ya tao la madigadi. "Hapa hapa barafu inapokaa."

"Umemaliza?" Noriyuki akauliza. Akaingiza mkono mfukoni akatoa sarafu ya yeni tano, ile yenye tundu, imefungwa uzi. "Subiri nikuonyeshe kitu, mdogo wangu."

Nikatamani kumtupa nje. Hiyo sarafu kila mpenda rimu anayo. Ni timazi yao. Wanabana uzi juu ya ukingo wa madigadi kwa gundi ya karatasi, sarafu inaning'inia mpaka chini, na kama uzi haugusi tairi basi gurudumu halijatokeza, askari hawezi kukukamata na ukaguzi wa gari unapita. Hiyo ndiyo imani yao yote. Sheria inataka gurudumu lisitokeze nje ya mwili wa gari, na sarafu inasema halijatokeza, basi kila kitu ni salama. Kana kwamba gari litaishi maisha yake yote limesimama uani, magurudumu yamenyooka, siku ya jua.

Akalifunga gurudumu moja yeye mwenyewe kwa jeki yetu, bila kuomba. Akaning'iniza sarafu. Uzi ukapita pembeni ya tairi bila kuligusa, nafasi ya kucha tu. Kwa kweli palipendeza. Naapa palipendeza, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Unaona?" Noriyuki akapiga makofi. "Halijatoka hata unywele! Wewe fundi gani unaogopa gari likipendeza?"

"Naogopa likigoma kupinda kona."

"Litapinda. Nimeendesha gari kabla hujajua kuvaa viatu."

Shinobu akachuchumaa, akapenyeza ngumi. Ilisimama mlangoni, haikuingia hata kifundo. Akajaribu vidole viwili. Vikaingia kwa taabu.

"Sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa chini, nami namfahamu, ikiwa chini ni mbaya. "Za kiangazi. Kiangazi tembea nazo mpaka uchoke, mimi simo. Novemba uniletee zile za chuma nizifunge kwa mkono wangu."

Noriyuki akatazama pembeni. Akaanza kuviringisha uzi kwenye sarafu, polepole mno.

"Hizi ndizo za baridi," akasema. "Nimekuja uniwekee matairi ya theluji juu ya hizi."

Kisha Shinobu akaitupa spana sakafuni.

"Una wazimu? Unambeba mama! Unapanda mlima na mama mgonjwa, mara tatu kwa wiki, unataka kwenda na mapambo ya vijana wa kuegesha magari barabarani? Umri wako miaka hamsini na sita! Unamwonyesha nani?"

"Nyumba yangu, gari langu."

"Mama si gari lako!"

"Shinobu." Akamnyooshea kidole. "Usinipandishie sauti mbele ya watu."

"Watu gani? Huyu ni Tamotsu!"

Mimi nikasema sawa kabisa, huyu ni Tamotsu, na Tamotsu anaona una wazimu pia. Noriyuki akaniambia nishike chai yangu. Akapakia rimu zake na kuondoka, matope ya mpunga yakidondoka kwenye sakafu yetu. Wiki mbili baadaye tukaliona gari limepita mbele ya karakana na magurudumu yote manne ya dhahabu, matairi ya theluji mapya juu yake. Alimpata mtu mmoja asiye na bango wala jina, anafungia chochote nyuma ya banda lake ilimradi umpe pombe ya mchele.

Shinobu hakupiga kelele siku hiyo. Alifunga matairi ya watu thelathini, na kila nati aliikaza kana kwamba ni pua ya kaka yake.

Alijaribu tena mwaka mpya. Nilikuwepo, kwa sababu mimi huenda kwa akina Kusakari kula keki za mchele kila mwaka tangu mke wangu afariki. Tulikaa kuzunguka meza yenye joto, miguu chini ya blanketi. Bi Mitsue alikuwa na bakuli lake dogo lisilo na chumvi. Shinobu akasubiri mpaka kaka yake amejaza mdomo.

"Mama, mwambie avue zile rimu. Mimi nikimwambia kitu hasikii, lakini wewe ukimwambia atasikia."

Bi Mitsue akatazama bakuli lake.

"Mama?"

"Wewe kula," akasema Bi Mitsue. "Zitapoa."

"Sijakuuliza habari za keki!"

"Shinobu, umwache mama ale!" akadakia Noriyuki, chembe za mchele zikimruka. Wakaanza upya, na mimi nikamaliza keki zangu nikaaga. Nikiwa njiani nikajiambia mama naye amemzoea mwanawe wa kiume mpaka hamwoni. Nilimkasirikia yule bibi mgonjwa, nasema kweli, njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatatu moja mwishoni mwa Januari theluji ilianguka nzito yenye maji, ile mbaya kuliko zote, inayonata. Na Jumatatu kwa wagonjwa wa figo ndiyo siku ya hatari, maana Jumamosi na Jumapili hakuna mashine, na maji yamejikusanya mwilini. Simu ya karakana ikalia kabla ya chakula cha mchana. Shinobu akapokea. Nikamwona anageuka rangi.

"Wapi?" akasema. Halafu, "Anapumua vizuri? Mwangalie midomo, usinieleze habari za gari! Midomo!" Akakata simu, akachukua funguo za lori dogo. "Tamotsu, twende. Wako kona ya chini ya handaki. Usukani umegoma."

Niliendesha mimi, kwa sababu kwa hasira aliyokuwa nayo tusingefika. Njia nzima alisema na kioo cha mbele. Alimwita kaka yake majina ambayo sikuwahi kuyasikia, mengine nadhani aliyatunga papo hapo. Nilimsaidia machache.

Tulilikuta gari limechoma pua kwenye ukuta wa theluji, upande wa mlimani. Kama kona ile ingekuwa inapinda upande wa pili, wangechoma pua kwenye bonde. Noriyuki alikuwa amepiga magoti kwenye matope baridi, anachokoa barafu kwa bisibisi. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limegeuka nusu na kubanwa hapo. Barafu ilikuwa imejaza tao lote nyuma ya tairi, nyeusi, ngumu, na madigadi imepasuka ilipobanwa. Ile dhahabu haikuonekana kwa matope.

"Nilikata kona, usukani ukakataa," akasema bila kusimama. "Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Ukakataa."

Nilikuwa nimemwekea maneno tangu mwezi wa kumi. Mazuri, yaliyonolewa. Nikafungua mdomo, lakini Shinobu alinipita, akampita na yeye, akafungua mlango wa kuteleza.

Bi Mitsue alikuwa ameketi wima, blanketi mpaka kidevuni, uso umevimba chini ya macho. Anapumua juu juu. Shinobu akageuka, akainama, akambeba mgongoni kama mtoto, akatembea naye kwenye theluji iliyofika magotini mpaka kwenye lori. Tukabanana watatu mbele, bibi katikati. Noriyuki akasimama na bisibisi yake. Hakuuliza kama kuna nafasi.

"Wewe baki," Shinobu akampigia kelele kupitia dirishani. "Baki na urembo wako! Ukifia hapa watakutambua kwa rimu!"

Tukaingia handakini. Shinobu alikuwa bado anaendelea.

"Mjinga. Mzee mzima mjinga. Anakuua, Mama, anakuua kwa ajili ya kusifiwa na wavuta sigara wa dukani..."

"Usimtukane kaka yako," akasema Bi Mitsue. Sauti ilikuwa nyembamba, lazima usikilize.

"Nitamtukana mpaka afe!"

"Nilimwambia mimi."

"Ulimwambia nini?"

"Rimu. Nilimwambia azinunue. Niliziona kwenye gazeti la magari pale mahali pa kungojea, hospitalini. Nikamwambia nataka hizi."

Lori liliyumba kidogo. Nikalirudisha njiani.

"Mama, unamtetea."

"Simtetei. Alikataa mwezi mzima. Alisema Shinobu atatuua wote." Akapumzika, akavuta hewa. "Nikamwambia asikutajie jina langu."

"Kwa nini? Wewe una kazi gani na rimu?"

"Miaka mitatu napita mjini kwenye gari lile. Watu wakiliona wanainamisha vichwa. Hawasalimii tena, wanainamisha vichwa, kama linapita jeneza. Mimi nimepanda magari yanayosimamisha watu barabarani, mwanangu. Nimepuliza filimbi magari yote yakasimama." Akanyamaza tena mpaka pumzi ikamrudia. "Wiki ya kwanza ya zile rimu, yule kinyozi wako alitoka nje akapunga taulo."

"Basi ungengoja kiangazi!" Shinobu alikuwa karibu kulia, na kulia kwake ni kupiga kelele. "Rimu za urembo ni za kiangazi! Kila mtoto anajua!"

"Kiangazi kiko mbali, Shinobu."

Vifuta kioo vilikuwa vinasukuma theluji huku na huku. Nilitafuta la kusema, nikapata hasira tu, na haikuwa na pa kwenda.

"Ungeniambia mimi," Shinobu akasema mwishowe. "Mimi ndiye fundi. Mimi!"

"Nikiingia hospitali napimwa uzito. Nikitoka napimwa. Maji unanipimia wewe, chumvi unanipimia wewe, ndizi nusu. Ningekwambia hili, ungekuja na rula."

"Ndiyo, ningekuja na rula!"

"Na ungesema hapana."

"Ningesema hapana! Hapana mara mia!"

"Basi," akasema Bi Mitsue.

Tulifika. Wauguzi walikuwa wanangoja mlangoni na kiti cha magurudumu, na mmoja akatukaripia kwa kuchelewa, na Shinobu, ambaye hajawahi kukaripiwa akanyamaza, alinyamaza. Walimpandisha bibi kwenye mizani, wakamlaza, wakamchoma sindano zile mbili kubwa, mashine ikaanza kuzunguka. Daktari akasema amewahi. Akasema pia kwamba siku nyingine tusimcheleweshe hivi, kana kwamba tulikuwa tumesimama njiani kununua matunda.

Tukasimama kando ya kitanda, tumelowa, tunanuka mpira na matope. Rangi ilianza kumrudia Bi Mitsue midomoni. Nilidhani amelala. Kisha akafungua jicho moja.

"Gari limeumia sana?"

"Madigadi imepasuka," akasema Shinobu.

"Na rimu?"

Nikamtazama Shinobu. Mdomo wake ulikuwa umekazwa mpaka umekuwa mweupe. Alikuwa na kila neno tayari, nilijua, milimita zote, barafu yote, kona, bonde, Jumatatu. Aliyameza moja moja.

"Rimu ni nzima, Mama. Hazina hata mkwaruzo."

"Aa," akasema Bi Mitsue, akafumba macho, na uso wake ukatulia kwa raha ambayo sijaiona kwake tangu augue.

Shinobu akatoka nje ya chumba, akatembea mpaka mwisho wa ukumbi pasipo na watu, akaupiga teke ukuta wa hospitali kwa nguvu zake zote. Akaupiga tena. Mimi nikangoja amalize, kisha nikasogea nikapiga langu.